UZI: Siku ya tatu ya flu, anayekupiga ni kirusi au ni mwili wako mwenyewe?

Fundi_wa_Maabara
Asalaam aleikum wenzangu, na wasio waislamu hamjambo. Huu uzi nauandika nimejifunga kanga ya mke wangu shingoni na kikombe cha tangawizi mkononi manake flu imenilaza tangu Jumapili, kipupwe cha mwaka huu hakina adabu. Jana nlijikokota mpaka barazani Kibokoni (najua, makosa, nimeshatukanwa nyumbani) mzee mmoja akaniambia hao virusi wako washaingia mifupani ndo maana magoti yakuuma. Nlitaka kumjibu nikashikwa na kikohozi, baraza zima likacheka. Basi namjibu hapa.

Mimi ni mtu wa maabara tu, si daktari. Jibu fupi ni kwamba kirusi cha flu hii ya kawaida hakikwenda magotini. Kiko pua, koo, na njia ya hewa, kikizidi ubaya chashuka mapafuni, basi. Ile homa, kutetemeka, mwili kuvunjika, kukosa hamu hata ya mahamri, hayo wafanyiwa na askari wako mwenyewe.

Tuanze mlangoni. Uko kwenye feri ya Likoni watu wamebanana kama dagaa, mmoja apiga chafya bila kuziba mdomo, matone yake yaingia puani mwako. Ndani kule ukuta wote umepakwa kamasi, na chini ya kamasi kuna vijinywele vidogo havionekani kwa macho vyapiga makasia usiku na mchana kusukuma uchafu uelekee kooni uuteme au uumeze. Hiyo ndo ngome ya kwanza na watu waidharau kwa sababu ni kamasi. Kumbe kamasi lenyewe ni mtego, limejaa sukari moja yaitwa asidi ya sialiki, na sukari hiyo hiyo iko juu ya seli za njia ya hewa, ndo kirusi chaitafuta ili kiingie. Kina kulabu ya protini yaitwa hemaglutinini, ndo ile H ya H1N1, jina la aina moja ya flu. Kikinasa kwenye sukari ya kamasi kimekwisha, chasukumwa nje. Lakini kina mkasi pia, ile N, nuraminidesi, chaikata sukari kijinasue kiendelee na safari. Kulabu na mkasi kwenye mdudu mmoja, mvuvi kamili.

Kikiifikia seli chavutwa ndani kama mgeni, chageuza jiko la watu kuwa kiwanda chake, masaa 6 mpaka 8 hivi virusi vipya vyaanza kutoka.

Sasa seli iliyovamiwa haifi kimya. Ndani mna walinzi wajua kunusa RNA ya kigeni, yani yale maandishi ya kirusi yenye maagizo ya kujinakili, wakiinusa seli yapiga ukelele, na ukelele huo ndo interferoni. Seli yenyewe pengine haitapona, lakini yaokoa majirani, ni kama mtu alie mwizi pale Marikiti, kufumba na kufumbua kila duka limeshusha mlango wa chuma. Seli za jirani zapunguza kutengeneza protini, zaanza kukatakata RNA, kirusi kikija chakuta hakuna pa kupikia. Na mwajua interferoni iligunduliwa vipi? 1957 kule London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua kirusi cha flu kilichouliwa kwa joto wakakiweka kwenye utando wa yai la kuku, wakaona utando ule sasa wakataa kirusi kizima. Yani flu yenyewe ndo ilotufundisha.

Nacho kirusi si mjinga, kina protini yaitwa NS1 kazi yake ni kuiziba seli mdomo isipige kelele. Ndo maana siku ya kwanza hujisikii kitu, watembea Mwembe Tayari wajiona mzima na huku washaanza kuambukiza watu.

Naendelea chini, acha nijipanguse kamasi kwanza.

Changamwe_Dere
Mkuu hii umeandika poa sana lakini sijaelewa, kama virusi haviko kwa magoti mbona magoti ndo yanauma? mimi nikishikwa na flu siwezi hata kukanyaga klachi

Fundi_wa_Maabara
Ndo nlikuwa nakuja hapo. Kelele ikishapigwa, seli za ulinzi zilizokuwa zimekaa mapafuni, makrofeji, hao ni mabwana afya wa mapafu kazi yao kumeza vumbi na vijidudu, zaanza kumwaga kemikali za kupashana habari zaitwa saitokini. Hizo zapanda damu. Zikifika kwenye sehemu ya ubongo inayopanga joto la mwili, pale yatengenezwa prostaglandini, na joto lako lapandishwa kwa makusudi kabisa, kama mtu aliyegeuza kitufe. Kwa hiyo mwili wahisi digrii 37 ni baridi, watetemeka, wataka blanketi na huku Mombasa watu wajipepea. Saitokini hizo hizo ndo zafanya misuli iume na kichwa kiume na chakula kikushinde na utake kulala tu. Klachi yako kirusi hakijaigusa kaka, ni habari tu zimefika mguuni kwamba kuna vita kifuani.

Na panadol yafanya kazi hapo hapo, yazuia hiyo prostaglandini, homa yashuka. Kirusi hakijui hata kama umemeza.

Kitu cha ajabu ambacho ndo sababu ya kichwa cha uzi: virusi vyafika kilele siku ya pili au ya tatu baada ya kuambukizwa, vyaanza kushuka. Wewe ndo kwanza wasema nafa. Walioingia kuchoma mtaa ni wachache washakimbia, moshi na vigae vya vioo ni vya askari.

MwanaKibokoni
Yule mzee ni ami yangu 😂 nimemsomea amesema "basi nambie huyo kijana, na hayo makamasi ya kijani je, si bakteria hao, si ndo twapewa antibayotiki"

Fundi_wa_Maabara
Mwambie shikamoo ami, na la. Ule ukijani watokana na nyutrofili, ni aina ya chembe nyeupe za damu, ndo askari wa mwanzo kuja mbio wakisikia kelele, wana kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Wakifika wengi wakafa wengi kamasi labadilika rangi. Kwa hivyo belghamu ya kijani yakwambia kuna askari wengi, haikwambii wanapigana na nani. Antibayotiki kwa flu tupu ni kumwagia maji mtu aliyejifunika mwavuli, haimfikii.

Changamwe_Dere
Hapo nakataa. Mwezi wa sita niliumwa siku tano, nikaenda chemist nikanunua zile kapsuli nyekundu na njano, siku ya pili nikapona. Hiyo ni nini?

NesiWaTudor
@Changamwe_Dere siku tano ulizoumwa jumlisha mbili ni saba. Flu yenyewe yakuacha wiki moja hata ukimeza karanga. Wallahi hii hesabu kila siku naifanya na wagonjwa na hakuna anayeniamini.

Fundi_wa_Maabara
Hahaha nesi amenimalizia. Ila hiyo siku ya tano mpaka ya saba hapo kweli kuna kitu kinatokea, tusiiruke, kwangu mimi ndo utamu wa hadithi yote.

Hao wote nlowataja, kamasi, interferoni, makrofeji, nyutrofili, ni askari wa mtaa, humpiga yeyote mgeni bila kuuliza jina. Lakini kuna seli nyingine zaitwa dendritiki, zina mikono mirefu kama pweza, zachukua kipande cha kirusi zaenda nacho mpaka kwenye tezi (zile zavimba shingoni) kuwaonyesha seli T na seli B, chembe nyeupe za damu zilizo makomando. Pale ni kama gwaride la utambuzi. Katika mamilioni ya seli T ni chache mno zakitambua kipande kile, zikikitambua zaanza kuzaana, na kuzaana kwataka muda, ndo maana hawaonekani mapafuni mpaka kama siku ya tano hivi kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na kirusi hicho. Wakifika sasa, hao hawamtafuti kirusi kilicho nje, wapita mlango kwa mlango wakagua seli moja moja, yenye kirusi ndani yaambiwa ijiue. Na yajiua.

Sasa fikiri. Dawa yenyewe ni kubomoa nyumba zako ili mwizi asiwe na pa kujificha. Ukuta wa njia ya hewa wabanduka, vijinywele vile vilivyokuwa vyapiga makasia vyaenda navyo. Ndo maana homa yaisha lakini kikohozi chabaki wiki mbili tatu, ukuta uko wazi kama kidonda, vumbi kidogo tu la Makupa wakohoa mpaka machozi. Kirusi kishaondoka zamani, fundi ndo yuwajenga.

Seli B nazo zatengeneza kingamwili, yani protini za kumnasa mgeni yule yule. Ziko za aina yake, IgA yamwagwa juu ya utando wa pua, yamsubiri mgeni mlangoni, IgG yatoka kwenye damu na huko chini mapafuni ndo yafanya kazi zaidi. Wiki moja mpaka mbili ndo zinakuwa za kutosha.

Baharia41
Swali la kijinga. Kama mwili wakumbuka mbona mimi naumwa flu kila mwaka? Tetekuwanga nimeugua mara moja utotoni basi.

Fundi_wa_Maabara
Si la kijinga hata kidogo, ndo swali lililowakosesha watu usingizi miaka mingi. Kirusi hiki chanakili RNA yake bila kusahihisha, kama karani asiyerudia kusoma barua, makosa yajaa, na mengine yaangukia kwenye ile kulabu. Kingamwili zako zimekariri sura ya kulabu ya mwaka juzi, hii ya sasa imenyoa ndevu. Ndo shirika la afya duniani hukaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, wakachagua virusi gani viingie kwenye chanjo. Siye hapa karibu na ikweta tuko katikati, flu Kenya yazunguka mwaka mzima haina msimu mmoja kama Ulaya.

Na mara moja moja kirusi chabadilisha kulabu nzima, si ndevu. RNA yake iko vipande 8, virusi viwili tofauti vikiingia seli moja, tuseme cha ndege na cha binadamu, vyaweza kuchanganya vipande kama karata. Ndo ilivyokuwa 1957 na 1968. Hapo dunia nzima haina kumbukumbu.

Ila seli T zina ujanja wake, zenyewe hukariri protini za ndani ya kirusi ambazo hazibadiliki sana. Kwa hivyo kulabu mpya yaweza kukupita kingamwili, ukaugua, lakini seli T za zamani zafika mapema na wapona haraka. Nyingine huwa hazirudi hata kwenye damu, zabaki zimekaa mapafuni kwenyewe zamsubiri.

MwanaKibokoni
Ami asema marehemu bibi yake alikuwa akisimulia kuna homa ilikuja na meli wakati wa vita vya Mjerumani, watu wakazikwa mpaka sanda zikaisha mjini. Ni flu hiyo?

Fundi_wa_Maabara
Yawezekana sana ni ile ya 1918. Iliingia Kenya kupitia bandari yetu hii, Septemba 1918, ikapanda na reli kwenda bara. Dunia nzima wakadiria walikufa watu kama milioni 50. Na kilichowatisha madaktari ni kwamba haikuua wazee na watoto peke yao kama flu ya kawaida, iliua vijana wa miaka 20 mpaka 40, wenye nguvu.

Kirusi chake walikuja kukipata kwenye maiti iliyozikwa kwenye barafu Alaska, Johan Hultin alikwenda mara ya kwanza 1951 hakufanikiwa, akarudi 1997 akiwa mzee wa miaka sabini na kitu akachimba tena akapata pafu. 2005 wakakitengeneza upya maabara Marekani, wakawapa panya, na baadaye nyani, na mapafu ya wale wanyama yakajaa askari na maji kupita kiasi. Saitokini zilimwagwa bila breki. Ukichukua hapo ndo waelewa, nguvu za mwili peke yake si kinga, yategemea nguvu zaja lini na zasimama lini.

NesiWaTudor
Samahani fundi hapo nakurekebisha kidogo, watu wasije wakadhani 1918 wote waliuawa na kinga zao. Wataalamu walirudia kuangalia vipande vya mapafu ya waliokufa wakati ule, ripoti yake ilitoka 2008, wakakuta wengi mno walikufa kwa nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya flu. Na dawa za bakteria hazikuweko wakati huo.

Fundi_wa_Maabara
Kweli kabisa nesi, nimekosea kuishia pale. Tena yaungana na yale ya mwanzo. Flu ikishabandua ukuta na kung'oa vijinywele, na makrofeji wale mabwana afya wengi washakufa au wamezubaa, na ule mkasi wa kirusi umekata sukari na kuacha sehemu wazi ambazo bakteria hushika, basi bakteria aitwaye nimokoko aliyekuwa amekaa zake puani kwa amani ashuka mapafuni hakuna wa kumzuia.

@Changamwe_Dere kwa hivyo antibayotiki ina mahali pake, ni hapo.

NesiWaTudor
Na dalili yake mshike hii: homa imeshuka, mgonjwa amekaa kitako, amekunywa uji, mwashukuru Mungu, halafu baada ya siku moja mbili homa yarudi juu, kifua chauma, pumzi zaenda mbio. Hapo usinunue kitu dukani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto ukiona mbavu zaingia ndani akivuta pumzi usingoje kuche.

Pia jamani hii ni Mombasa, si kila homa ni flu na si kila homa ni malaria. Mwakumbuka chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018, watu wakitembea wameinama kama wana miaka mia. Dengi pia tunayo. Homa isiyo na mafua wala kikohozi, kapime.

Baharia41
na kujifukiza je, na habasoda, na asali

NesiWaTudor
Mvuke walainisha kamasi, pua yafunguka, wapata raha. Hauui kirusi, kishaingia ndani ya seli, mvuke utakifuata vipi. Nakuomba tu usimfunike mtoto shuka juu ya sufuria la maji ya moto, tumeona kuungua kubaya. Asali ni nzuri kwa kikohozi ila mtoto hajafika mwaka usimpe kabisa. Na aspirini usimpe mtoto mwenye flu, yaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Habasoda kula kama wapenda.

Changamwe_Dere
Sasa hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe??

Fundi_wa_Maabara
Iko, oseltamivir. Haiui, yaziba ule mkasi. Virusi vipya vikitoka kwenye seli vyabaki vimegandia kwenye sukari ya mlangoni haviendi kokote. Lakini fikiria mwenyewe, kilele cha virusi ni siku ya pili ya tatu, ukija kuimeza siku ya tano wamfungia nani mlango? Ndo madaktari wataka uanze ndani ya masaa 48 tangu dalili zianze. Wanaipa zaidi wale ambao wakizidiwa watazidiwa kweli, wajawazito, wazee, wenye pumu, wenye sukari.

Bi_Mkubwa_Likoni
Wanangu nimesoma yote kwa miwani na bila miwani. Mimi nina miaka 67, nina sukari. Naenda umra mwezi ujao tarehe 20 inshallah, kikundi chetu twaambiwa tudunge sindano ya flu. Shoga yangu alidungwa mwaka jana akaugua kesho yake, ati sindano ndo ilompa. Mimi naogopa.

Fundi_wa_Maabara
Mama shikamoo. Sindano ile ina kirusi kilichouliwa na kukatwa vipande, hakiwezi kuzaana, ni kama kuwaonyesha askari picha ya mwizi. Mkono kuuma na kijihoma cha siku moja ni zile saitokini nlosema huko juu, gwaride la utambuzi limeanza. Na kama shoga yako aliugua mafua kabisa kesho yake basi alikuwa ashaambukizwa kabla, kingamwili zataka kama wiki mbili kujaa.

Sitakudanganya kwamba ukidungwa hutaugua. Sindano ya mkononi yaleta IgG kwenye damu, inalinda mapafu, lakini puani IgA yaleta kidogo, kwa hivyo mafua waweza kuyapata. (Marekani wana ya kupulizia puani tangu 2003 kwa ajili hiyo hiyo, ila si ya watu wa umri wako.) Na mwili ukizeeka gwaride lenda polepole, seli T mpya zimepungua. Lakini kati ya kuugua ukalala nyumbani na kuugua ukalazwa ugenini Makka, kuna tofauti kubwa.

NesiWaTudor
Mama, tarehe 20 toa wiki mbili, ni tarehe 6. Usivuke hapo. Na ile ya homa ya uti wa mgongo hiyo si hiari, Saudia hawakupokei bila hiyo, siku hiyo hiyo waweza kudungwa zote mbili, moja kila mkono.

Bi_Mkubwa_Likoni
Marahaba wanangu Mungu awaweke. Nitavuka na feri kesho asubuhi na barakoa yangu. Ila nesi, hiyo ya flu ndo yauma zaidi ama ya uti wa mgongo? Nataka ile inayouma iende mkono wa kushoto, huu wa kulia ndo wa kukandia unga wa mahamri na Ijumaa nina oda.

NesiWaTudor
😂😂 Mama zote zauma kidogo kidogo. Kande Alhamisi, udungwe Ijumaa ukishapeleka oda.